Mwalimu wa mupira anajulikana kisha kushindwa



Siku ya yenga moja, kisha ibada, vijana wetu walibaki chini ya muembe karibu na kanisa, wakibishana juu ya mupira. Mumoja alisema mwalimu mukubwa ni yule aliyepata makombe mengi. Wa pili akasema hapana, ni yule aliyecheza mupira yeye mwenyewe. Wa tatu akasema ni yule ambaye wachezaji wanamuogopa. Halafu wakaniita: “Pasta, kuja utukatie hii maneno!” Wote wanajua kwamba tangu mwaka 2016 niko mwalimu wa ekipe ya vijana wa kanisa letu.

Nilicheka tu, nikasema nitajibu siku ingine. Ukweli ni kwamba nilisikia haya. Jibu nilikuwa nalo, lakini nililipata kwa njia ya kosa langu mwenyewe. Leo nitaeleza vyote viwili, jibu na kosa, labda vitasaidia muzazi, mwalimu ao kijana anayesoma kurasa hizi.

MWALIMU WANGU WA KWANZA

Nililelewa katika kambi ya wafanyakazi wa migodi. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Wazee wa Katanga wanakumbuka miaka ile. Mishahara ilichelewa miezi na miezi, na katika nyumba nyingi tulikula mara moja tu kwa siku, bukari na sombe, mangaribi.

Mwalimu wetu wa mupira alikuwa fundi wa atelie. Hakusomea kazi ya mupira mahali popote. Tulimuita Kapita, kwa sababu kazini aliongoza kikundi cha watu. Saa kumi alifika na kinga yake, akiwa angali na nguo za kazi, mupira umefungwa nyuma. Mupira ule aliushona yeye mwenyewe mara nyingi, hata haukukuwa tena muviringo vizuri.

Mbele ya kuanza, alitupanga musitari, akapita kwa kila mumoja, akamuita kwa jina lake na kumuuliza: “Leo umekula?” Hakuuliza kwa kutuchekelea. Kama wengi walijibu hapana, siku ile hatukukimbia sana. Alitufundisha namna ya kusimama, namna ya kupokea mupira na kuupeleka kwa mwenzako, kisha akatosha karanga mufukoni na kutugawanyia kidogo kidogo. Wakati ule sikujua kwamba hiyo ni akili ya mwalimu. Mutoto mwenye njaa, ukimukimbiza saa nzima, haumupe nguvu. Unamuondolea hata ile kidogo aliyo nayo.

Mimi nilicheza nyuma. Siku moja tulicheza na kambi ya jirani, na katika dakika za mwisho nilitaka kupiga mupira inje, lakini ukaingia katika goli letu sisi wenyewe. Tukashindwa moja kwa sifuri. Watu wakanizomea. Mukubwa mumoja wa kambi akamuambia Kapita: “Huyu mutoto usimuweke tena.” Kapita akajibu mbele ya wote: “Ile goli ni yangu. Ni mimi nilimuweka pale, na sikumufundisha mupira wa namna ile.”

Kisha akanisindikiza kwetu kwa miguu, akisukuma kinga yake. Njiani akasimama, akaokota mawe manne, akayapanga chini: hili ni goli, hili ni mupinzani, hili ni mupira, hili ni wewe. Akanionyesha kwamba nilikuwa nimeelekeza mwili wangu upande wa goli letu, na mutu anayepiga mupira akiwa amelielekea goli lake, hata akipiga kwa nguvu yuko katika hatari. “Geuza mwili kwanza, kisha piga.” Mawe yale ningali nayaona mpaka leo. Matusi ya watu wale nimekwisha kuyasahau.

SIKU NILIYOMUTOSHA GOLIKIPA

Sasa nieleze kosa langu.

Mwezi wa saba wa mwaka 2022, wakati wa baridi na vumbi, makanisa ya muji wetu yalipanga mashindano ya vijana. Ekipe yetu ilifika demi-finali. Golikipa wetu alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Mama yake anauzisha makala. Kijana mwenyewe alinipa ruhusa ya kueleza habari hii, lakini jina lake sitaliandika.

Mbele ya mapumziko tulikuwa tumekwisha kufungwa goli tatu. Ya kwanza, walinzi wetu wawili walimuachia mupinzani njia wazi. Ya pili ilikuwa penalti. Ya tatu, mupira ulipita chini ya mikono ya golikipa. Watu wakaanza kupaza sauti: “Mutoshe! Mutoshe!” Hata shemasi wetu mumoja alikuwa kati ya wale waliopaza sauti. Nikasikia joto usoni. Nikamutosha.

Munisikilize vizuri. Kosa langu halikuwa kubadilisha muchezaji. Mwalimu ana haki ya kubadilisha, na mara zingine inafaa. Kosa lilikuwa katika namna nilivyofanya. Kijana alipopita mbele yangu sikumutazama. Mukono wangu nilimupa yule aliyeingia, si yule aliyetoka. Akaenda kukaa peke yake karibu na mifuko ya nguo, ganti zingali mikononi. Tulishindwa tano kwa moja. Kisha muchezo nikakusanya vijana, nikawahubiri kwa ufupi juu ya uvumilivu. Niliwafundisha uvumilivu, mimi ambaye sikuvumilia hata nusu moja ya muchezo!

Siku ya mazoezi hakuja. Nikasema moyoni: ana kiburi, atarudi. Juma la pili hakuja. Nikatafuta golikipa mwingine. Juma la tatu nikakutana na mama yake sokoni, akaniambia: “Pasta, mutoto aliacha mupira. Sasa anaendaka ku mashimo na ba yaya yake. Mi nilizania unajua.”

Nikamuahidi kwamba nitapita nyumbani. Sikupita. Kulikuwa ndoa, kulikuwa semina, kulikuwa mugonjwa. Sisi wachungaji tunajua kujificha nyuma ya kazi ya Mungu.

Halafu, mwezi wa kumi na moja, kisha mvua kubwa ya usiku, habari ikafika asubui: shimo moja limeanguka mahali wachimbaji wanatafuta shaba na kobalti. Kwetu kila mutu anajua maana ya mvua ya namna hiyo. Udongo unakuwa mulaini, na shimo ambalo halina miti ya kulishikilia linajifunga juu ya watu. Nikapanda pikipiki ya kukodi. Njia yote nilijaribu kuomba, lakini maneno hayakuja. Niliona paka mugongo wa kijana yule, vile alivyopita mbele yangu siku ya muchezo.

Tukakuta watu wengi, wamama wanalia, wanaume wanatosha udongo kwa vyombo na kwa mikono mitupu. Nilikaa pale karibu saa tatu bila kujua kama yuko muzima. Kisha nikamuona. Alikuwa amekaa juu ya mufuko, amejaa udongo tangu kichwa mpaka miguu, mikono inatetemeka. Siku ile kazi yake ilikuwa kuvuta kamba kule juu. Hakushuka, na kaka yake vilevile. Lakini kijana mumoja aliyekuwa chini hakutoka muzima. Jina lake nililijua siku ya maziko.

Nikakaa karibu naye, nikamuambia: “Mwanangu, unisamehe.” Akanyamaza kwa muda murefu. Kisha akasema: “Pasta, ile goli ya tatu ilikuwa yangu, najua. Zile mbili za kwanza, hapana. Mi nilikuwa nangoya paka unielezee. Haukunisemesha hata neno moja.”

Mutu mumoja anaweza kusema kwamba mutoto aliingia kazi ya mashimo juu ya njaa, si juu ya mupira. Ni kweli, njaa ilikuwako. Sheria ya inchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumupa mutoto kazi ya hatari, lakini sheria haipiki bukari. Mwalimu wa mupira hawezi kununua unga wa kila nyumba. Lakini kijana anafungwa na kamba nyingi zinazomushikilia asianguke: wazazi, masomo, kanisa, wenzake, mupira. Mimi nilikata kamba moja, bila kuuliza kama zingine zingali na nguvu.

WALIMU WAWILI WA TAIFA

Usiku ule nilikumbuka habari ambayo wazee wetu wanaieleza mpaka leo. Mwaka 1974 ekipe yetu ya taifa, Zaire, ilishinda Kombe la Afrika kule Misri. Mwaka uleule ilicheza Kombe la Dunia katika Ujerumani ya Magharibi. Mwalimu alikuwa Blagoje Vidinić, mutu wa Yugoslavia, naye zamani alikuwa golikipa. Katika muchezo wa pili tulikutana na Yugoslavia. Dakika ishirini na kitu zilipopita, tulikuwa tumekwisha kufungwa goli tatu. Vidinić akamutosha golikipa wetu Kazadi Mwamba, mutu wa Lubumbashi ambaye Afrika yote ilimujua, akamuingiza Tubilandu. Je, goli zilisimama? Hapana. Tulifungwa tisa kwa sifuri.

Watu wengi wanakumbuka paka ile tisa. Wanasahau muchezo uliofuata, na Brazil, ekipe iliyokuwa na kombe la dunia la mwaka 1970. Katika muchezo ule Vidinić alimurudisha Kazadi golini. Tulishindwa, ndiyo, lakini tatu kwa sifuri. Sijui moyo wa Vidinić, na simuhukumu. Naona neno hili tu: alimutosha golikipa wake, halafu alimurudisha. Mimi nilijifunza nusu ya kwanza, nusu ya pili niliiacha.

Mwaka 2015 tuliona neno lingine. Katika Kombe la Afrika kule Guinea ya Ikweta, ekipe yetu chini ya mwalimu Florent Ibenge ilikutana na ndugu zetu wa Brazzaville. Kisha mapumziko tulifungwa goli mbili. Golikipa alikuwa Robert Kidiaba wa Mazembe, mutu aliyekaribia miaka arobaini. Ni rahisi kufikiri namna watu walivyopaza sauti mbele ya televisheni! Lakini Kidiaba alibaki golini, na wenzake wakatia goli ine. Tukashinda ine kwa mbili. Mwisho wa mashindano, juu ya nafasi ya tatu, tulishinda Guinea ya Ikweta kwa penalti, na Kidiaba ndiye alikuwa golini. Mwaka uliofuata, kule Rwanda, Ibenge alipata kombe la CHAN pamoja na wachezaji wanaocheza katika inchi yetu.

Sisemi kwamba kumuacha golikipa kunaleta ushindi kila mara. Mupira hauko hesabu. Nasema kwamba ekipe nzima inamutazama mwalimu pale mwenzao anapokosa. Kila mumoja anajiuliza: siku yangu ikifika, nitafanyiwa namna gani? Wakiona hasira, kuanzia pale wanacheza kwa woga, na muchezaji mwenye woga hatafuti mupira, anaukimbia.

BARNABA NA MARKO

Katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya kijana Yohana Marko. Alianza safari na Paulo na Barnaba, lakini walipofika Pamfilia akawaacha na kurudi Yerusalema. Ni kama muchezaji aliyetoka kiwanjani mbele ya filimbi ya mwisho. Kwa safari ya pili, Paulo alimukataa kabisa. Barnaba alitaka kumuchukua. Wakabishana kwa ukali mpaka wakaachana, na Barnaba akaenda Kipro pamoja na Marko.

Tusimulaumu Paulo upesi. Alikuwa na kazi kubwa, alitaka watu wa nguvu. Lakini angalia mwisho. Katika barua ya pili kwa Timoteo, Paulo yuko ndani ya kifungo, naye anaomba Marko aletwe kwake, kwa sababu anamufaa katika kazi. Nani alimutengeneza Marko hata akafaa? Biblia haielezi mazoezi yote, lakini inaonyesha nani alimuchukua wakati hakufaa. Na Kanisa tangu zamani linashuhudia kwamba Marko huyo ndiye aliandika moja ya Injili zetu ine.

Hilo ndilo jibu langu kwa vijana wa chini ya muembe. Makombe ni mazuri. Kujua mupira ni lazima, maana mwalimu asiyejua kitu atafundisha nini? Nizamu vilevile ni lazima: kufika kwa saa, kutopunguza miaka ya wachezaji kwa karatasi za uongo, kutomutukana mwamuzi. Lakini haya yote mutu anaweza kuwa nayo siku ya kushinda. Mwalimu mukubwa anajulikana kisha kushindwa, kwa namna anavyomutendea yule aliyekosa. Anabeba lawama mbele ya watu. Anamuambia ukweli pembeni, kwa upole, mpaka aelewe. Na kama hakuja kwenye mazoezi, anaenda kumutafuta siku ileile, si kisha miezi mine.

ALIVYORUDI

Kijana yule hakurudi mara moja. Nilipita kwao mara nyingi, na mara ya kwanza alitoka kwa mulango wa nyuma. Wamama wa kanisa walimusaidia mama yake kuongeza biashara ya makala, na mwanzoni mwa mwaka 2023 kijana alirudi kwenye masomo. Mwezi wa pili akaja kiwanjani, akasimama mbali. Nikaenda kwake. Nikapanga mawe chini kama vile Kapita alivyonifanyia: hili goli, hili mupinzani, hili mupira, hili wewe. Nikamuonyesha kwamba mupinzani akikuja peke yake, golikipa akibaki nyuma kwenye musitari, goli linaonekana kubwa. Akitoka hatua chache mbele kwa wakati unaofaa, goli linakuwa dogo. Kisha mbele ya ekipe yote nikaomba musamaha juu ya siku ya demi-finali. Haikuwa rahisi. Mutu mukubwa kuomba musamaha kwa watoto, kwetu wengi hawajaizoea. Lakini tangu siku ile vijana wananiambia maneno ambayo zamani walinificha: nani ana njaa, nani amefukuzwa kwenye masomo juu ya feza, nani anafikiri kwenda mashimoni.

Sasa yeye ndiye anafundisha golikipa wa watoto wadogo, siku ya posho, saa tisa. Hatukupata kombe bado. Kila mara tukishindwa, watu wanapaza sauti kama zamani, na joto linanipanda usoni kama zamani. Lakini nimejipa sheria moja: mukono wangu wa kwanza ni wa yule anayetoka.

Wazazi, kama mutoto wenu anacheza mahali, muende mara moja kuangalia mwalimu wake siku ya kushindwa. Mutajua kama mutoto yuko katika mikono mizuri. Nanyi walimu wenzangu, juma hili mufikiri jina moja la yule ambaye hakuji tena. Musingoje mvua.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani:
1. Kisha kushindwa ao kukosa, nani alikuwa Barnaba kwako? Umemushukuru?
2. Katika jamaa yetu, mutoto akikosa, tunamueleza ao tunanyamaza tu na kumukasirikia?
3. Kuko kijana gani wa kanisa letu ambaye hatujamuona tangu miezi? Nani atapita kwao, na siku gani?